Breki na Joto katika Mteremko wa Isongole

Barabara ya Uyole, Tukuyu na Kasumulu hupanda mgongo wa milima ya Uporoto, kisha huanza kuteremka kuelekea Ziwa Nyasa. Isongole, kata ya Wilaya ya Rungwe, imekaa kwenye mteremko huo, kati ya kreta ya Ngozi na Mlima Rungwe wenye kimo cha karibu mita 2,960. Mgongoni barabara hupita juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Mji wa Tukuyu uko kwenye mita 1,600 hivi, na tambarare ya Kyela, kando ya ziwa, iko kwenye mita 500 au pungufu. Kwa hiyo gari linalokwenda Malawi hushuka zaidi ya mita 1,500 kabla ya kufika mpakani Kasumulu, na likirudi hulazimika kuzipanda zote.

Uzito unaoshuka kutoka juu hutoa nishati, na garini nishati hiyo haina pa kwenda ila kugeuka joto. Lori na tela lake vyenye jumla ya tani 50 vikishuka mita 1,500 hutoa joto linalolingana na la kuchoma mkaa wa kilo 25. Sehemu ya joto hilo humezwa na upepo, matairi na injini. Linalobaki huishia kwenye breki. Wakati huohuo hewa ya Isongole, hasa kati ya Juni na Agosti, ina baridi ya kumfanya dereva huyohuyo ajitande blanketi akiwa kwenye usukani. Wasafiri wa mteremko huu wamehangaika na mambo hayo mawili tangu zamani: kuliondoa joto kwenye gurudumu, na kulipata pale mtu anapolala. Jambo la kwanza limebadilika sana. La pili limekwenda polepole, na sehemu fulani halijakwenda kabisa.

Kabla ya gurudumu hapakuwa na haja ya breki. Mizigo ya nchi ya Wanyakyusa na Wasafwa ilibebwa kichwani na begani, na mguu wa binadamu hujizuia wenyewe. Ndiyo maana njia za zamani hazikuzunguka vilima. Zilikata moja kwa moja, zikashuka mabondeni na kupanda tena, zikivuka mito kwa miti iliyolazwa au kwa madaraja ya asili kama lile la Mto Kiwira liitwalo Daraja la Mungu. Frederic Elton, balozi mdogo wa Uingereza aliyepita huku mwaka 1877 akitoka Ziwa Nyasa, na Joseph Thomson aliyemfuata miaka miwili baadaye, walisafiri kwa njia hizo na wapagazi wao. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa wa kilo 25 hadi 30. Elton hakufika pwani. Alifia Ugogo mwishoni mwa mwaka huohuo, na Wazungu wakaiita nyanda ya Kitulo kwa jina lake kwa miaka mingi.

Joto la nyumbani lilikuwa na mpango wake. Nyumba za Wanyakyusa zilijengwa kwa mianzi na kukandikwa udongo, na wageni wengi wa karne ya 19 walizisifu kwa usafi. Ng'ombe walilala ndani ya nyumba ya mwenyewe, upande wao. Mtu wa mjini leo huona jambo hilo geni, lakini katika nchi ya mvua na ukungu miili ya ng'ombe ilisaidia kuongeza joto la usiku mzima lisilohitaji kuni. Moto wenyewe ulikuwa na heshima ya kisiasa. Godfrey na Monica Wilson, waliofanya utafiti Unyakyusa kati ya 1934 na 1938, walieleza kwamba madaraka yalipokabidhiwa kutoka rika la wazee kwenda rika la vijana, mioto yote ya nchi ilizimwa na moto mpya ukapekechwa kwa vijiti. Utawala mpya ulianza na moto mpya jikoni.

Wamisionari walifika mwaka 1891. Wamoravian, wakiongozwa na Theodor Meyer, walijenga kituo chao Rungwe, chini ya mlima. Walutheri wa Berlin chini ya Alexander Merensky walikaa upande wa kusini. Serikali ya Wajerumani ilijenga boma la Langenburg ufukweni mwa ziwa, halafu ikalihamishia Tukuyu mwanzoni mwa karne ya 20, mahali palipoitwa Neu-Langenburg. Pamoja na matofali na vigae, wageni hao walileta dohani. Faida yake ni kutoa moshi nje, na hasara yake ni kwamba sehemu kubwa ya joto hufuata moshi. Nyumba ya mianzi ilibaki na joto lake pamoja na moshi wake, na macho ya wanawake waliokaa karibu na mafiga ndiyo yaliyolipa gharama. Hakuna aliyekuwa na jibu kamili. Suala la kupata joto bila moshi lingerudi miaka mingi baadaye, likiwa na sura mbaya zaidi, ndani ya kabini ya lori.

Gurudumu lilichelewa. Meli ya Hermann von Wissmann iliyozinduliwa Ziwa Nyasa mwaka 1893 ilisafirishwa vipande vipande kwa mito ya Zambezi na Shire, na pale palipokosa maji ilibebwa na watu. Mahali pengine pa Afrika ya Mashariki mikokoteni ya ng'ombe ilitumika. Makaburu waliohamia Arusha kuanzia 1904 walikuja nayo. Breki ya mkokoteni huo ilikuwa gogo lililokazwa dhidi ya gurudumu kwa skurubu, au kiatu cha chuma kilichofungwa kwa mnyororo na kuwekwa chini ya gurudumu la nyuma, ili gurudumu lisizunguke bali liburuzwe. Katika nyanda za juu za kusini njia hiyo haikushika mizizi. Sotoka ya miaka ya 1890 ilikuwa imefyeka ng'ombe sehemu kubwa ya Afrika, mbung'o waliziba njia za chini, na njia za Uporoto zilikuwa nyembamba mno. Hata vita ya kwanza ya dunia ilipofika, majeshi ya Jenerali Edward Northey yaliyoingia Tukuyu mwezi Mei 1916 yalitegemea wapagazi kwa maelfu. Wengi wao walikufa kwa baridi, njaa na magonjwa, mbali na risasi. Baridi ya milimani haikuwa jambo dogo kwa mtu aliyetoka bondeni na kitambaa kimoja kiunoni.

Motokaa ilienea baada ya vita hiyo. Ford ya aina ya T, ambayo ndiyo iliyozoeza watu wengi wa Afrika Mashariki sauti ya injini, ilikuwa na breki ya mguu isiyoshika magurudumu hata kidogo. Ilikaba mkanda ndani ya sanduku la gia. Kwenye mteremko mrefu mkanda huo uliungua, kwa hiyo dereva mwenye ujuzi alipokezanisha pedali ya breki na pedali ya kurudi nyuma, kila moja ikipumzika zamu yake. Tangi la petroli lilikuwa chini ya kiti na mafuta yalishuka yenyewe hadi kwenye kabureta. Mlima ukiwa mkali na tangi likiwa na mafuta kidogo, yaligoma kufika. Dawa yake ilikuwa kuligeuza gari na kuupanda mlima kinyumenyume. Mtu anayecheka leo akumbuke kwamba gari hilo lilifika mahali ambapo mengi ya sasa hayafiki.

Mji wa Mbeya ulianzishwa mwaka 1927, dhahabu ya Lupa ikiwa imeanza kuvuta watu, na kuanzia hapo njia ya kupitia Uporoto ikawa na kazi ya kudumu. Chakula cha Rungwe kilipanda kwenda migodini. Bidhaa za maduka ziliteremka. Chai, iliyojaribiwa Kyimbila tangu 1904, ilipanuka chini ya wakulima wa Kizungu, na pareto ikaingia kwenye mashamba ya juu yenye baridi. Malori ya miaka hiyo yalikuwa na breki za kuvutwa kwa fito au waya. Mfumo huo ulikuwa na tatizo moja kubwa: waya mmoja ukilegea kuliko mwingine, gurudumu moja hushika na jingine huteleza, na gari huvutwa ubavuni. Kwenye lami kasoro hiyo huvumilika. Kwenye udongo wa majivu ya volkeno ya Rungwe, mahali ambapo sehemu nyingine hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, ilimaanisha kuishia korongoni.

Hapo ndipo kazi ya utingo ilipopata maana yake kamili. Utingo hakuwa mpakiaji tu. Alikaa juu ya mzigo au kuning'inia nyuma akiwa na kigingi cha mti mgumu, na lori lilipokosa nguvu mlimani au lilipoanza kuteleza, aliruka chini na kukisukuma kigingi nyuma ya tairi. Maisha ya watu wote garini yalikuwa mikononi mwa mtu aliyelipwa mshahara mdogo kuliko wote. Kigingi hicho hakijatoweka. Dereva mzoefu anayesimama mlimani breki zikiwa za moto huweka kigingi kwanza na hukwepa kufunga breki ya kuegesha, kwa sababu chuma kilichopanuka kwa joto hujibana kinapopoa, na kinaweza kupasuka au kung'ang'ania.

Breki ya mafuta ilikuwa hatua kubwa iliyofuata. Malcolm Loughead wa Marekani aliisajili mwishoni mwa miaka ya 1910, na sifa yake ni kwamba msukumo wa mguu hufika kwa nguvu sawa katika magurudumu yote, kwa kuwa kimiminika ndani ya bomba hakilegei kama waya. Lakini mafuta ya breki yana tabia moja isiyopatana na Rungwe: hunyonya unyevu wa hewa. Mafuta ya daraja la tatu (DOT 3) yakiwa mapya huchemka kwenye nyuzijoto 205. Yakishanyonya maji huweza kuchemka kwenye 140. Yakichemka hutoa mvuke, mvuke hubanwa kirahisi, na pedali huzama hadi sakafuni bila kushika kitu. Madereva husema breki zimefeli, kana kwamba ni ghafla. Kwa kawaida zilianza kufeli miezi mingi nyuma, siku mafuta yalipotakiwa kubadilishwa yakaachwa.

Tela ndilo lililobadilisha hesabu yote. Lori lenye tela huongeza mzigo maradufu kwa injini moja na dereva mmoja, na hapo ndipo faida ilipo. Ubaya wake huonekana mteremkoni. Tela lisilo na breki za kutosha husukuma lori kwa nyuma, na kona ikiwa kali mkia hupita ubavuni na gari zima kujikunja. Katika mashamba ya chai ya Rungwe matela ya trekta yasiyo na breki zake yalikuwa ya kawaida, yakiokolewa na mwendo mdogo. Kwa safari ndefu hilo halikuwezekana.

Msukumo wa matela makubwa nchini ulitokana na siasa. Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru, na Zambia ikajikuta imekatiwa njia yake ya mafuta na shaba. Mwaka 1966 kampuni ya Zambia Tanzania Road Services iliundwa, ikianza na malori ya Fiat kutoka Italia yenye matela. Yalipita Uyole kwenda Tunduma kwenye barabara ya vumbi na matope ambayo madereva wenyewe waliilinganisha na jehanamu. Malori hayo hayakupita Isongole, lakini mafundi waliojifunza kuyafungua na kuyafunga ndio waliopeleka ujuzi wa breki za upepo Mbeya na vijiji vyake. Baadaye kiwanda cha TAMCO cha Kibaha kiliunganisha Scania, na ujuzi huo ukaenea zaidi.

Breki ya upepo ni uvumbuzi wa reli. George Westinghouse aliipatia hati mwaka 1869: hewa iliyobanwa ilisukumwa kwenye bomba, nayo ikakaza breki za mabehewa. Kasoro yake ilikuwa wazi, kwa sababu bomba likikatika, breki zote hupotea. Mwaka 1872 aligeuza mantiki nzima. Katika mfumo mpya hewa ndiyo iliyoziachia breki, na kupungua kwake kukazikaza. Behewa lililokatika likajisimamisha lenyewe. Wazo hilo, kwamba kifaa kinapoharibika kiharibike upande wa usalama, ndilo linaloendesha kila tela linalopita Isongole leo.

Kwenye lori kompresa inayozungushwa na injini hujaza mitungi kwa hewa ya bar 7 hadi 8. Kati ya kichwa cha lori na tela kuna mipira miwili. Mwekundu hupeleka hewa ya kudumu kwenye mtungi wa tela. Wa njano hupeleka amri ya mguu wa dereva. Mwekundu ukikatika, tela hujifunga lenyewe. Dereva akikanyaga, hewa huingia kwenye chemba, husukuma fito, fito huzungusha kamu, na kamu hupanua shuu mpaka ziibane dramu kwa ndani. Breki ya kuegesha hukazwa na springi nzito, na hewa ndiyo inayoizuia springi hiyo isikaze. Ndiyo sababu lori lililolala usiku na mitungi ikavuja haliwezi kuondoka asubuhi mpaka injini ikae ikiunguruma kwa muda, hewa ijae.

Utunzaji wa mfumo huu una mambo machache yanayotaka nidhamu kuliko fedha. La kwanza ni maji. Hewa ikibanwa huacha maji yake, na hewa ya Rungwe ina maji mengi. Mtungi usiomwagwa kila siku hujaa maji na kutu, nafasi ya hewa hupungua, na vali huanza kukwama. Kuna kizibo au waya chini ya mtungi kwa kazi hiyo, na kuumwaga huchukua chini ya dakika moja. La pili, linalosahaulika zaidi, ni urefu wa mwendo wa fito. Shuu zinapolika, fito hulazimika kusafiri mbali zaidi kabla ya kubana. Dramu nayo ikipata joto hupanuka na kukimbia shuu. Gari ambalo breki zake zinashika vizuri Uyole, chuma kikiwa baridi, linaweza kukosa breki kabisa kabla ya Kiwira kwa sababu fito imefika mwisho wa safari yake na shuu bado hazijagusa sawasawa. Marekebisho hufanywa kwenye slaki, kifaa kidogo kati ya fito na kamu, na mahali pa kuyafanya ni juu kabla ya mteremko.

La tatu ni uwiano. Baadhi ya madereva hupenda kutumia mkono wa breki za tela pekee ili kulinda breki za kichwa. Kwa mita mia moja mbinu hiyo hunyoosha gari vizuri. Kwa kilomita kadhaa huzichoma breki za tela, na kichwa hubaki peke yake na tani zote. Wengine hufanya kinyume kwa kulipuuza tela karakanani, kwa vile kelele na moshi hutoka kwenye kichwa na ndicho kinachoonekana kuhitaji fundi. Tela lisilokaguliwa ndilo linaloua. Joto la shuu likipita nyuzijoto 300 hivi, msuguano wake hupungua, na hapo kukanyaga zaidi huongeza joto tu. Dalili ni harufu ya kuungua inayofika kabini, halafu moshi mweupe kwenye kioo cha pembeni. Kumwagia maji ya baridi dramu iliyofika hapo, kama wafanyavyo wengine kwenye vijito vya barabarani, ni njia ya haraka ya kuipasua.

Jibu halisi halimo kwenye breki. Limo kwenye injini. Clessie Cummins, mtengenezaji wa injini za dizeli wa Marekani, alinusurika mwaka 1931 akishuka mlima wa Cajon huko California, lori lake likiwa limepoteza breki na treni ikikatiza mbele. Miaka mingi baadaye alibuni kifaa kinachoigeuza injini kuwa kompresa inayomeza nguvu ya gari, na kampuni ya Jacobs ikaanza kukiuza mwaka 1961. Malori mengi ya Ulaya na Japani yalichagua njia rahisi zaidi, egzosti breki, yaani kipande cha chuma kinachoziba bomba la moshi ili injini ijisukume dhidi ya hewa yake. Yote hayo hufanya kazi gia ikiwa imeingia. Tabia ya kuweka gia huru mteremkoni ili kuokoa dizeli huondoa injini kwenye hesabu na kuziachia breki kazi yote. Dizeli inayookolewa ni kidogo kuliko inavyodhaniwa, kwa kuwa pampu za kisasa hukata mafuta kabisa gari likishuka na gia bila kukanyagwa. Kanuni ya zamani kwamba mlima ushukwe kwa gia ileile ambayo gari lingeupandia bado haijapata mshindani.

Msongamano mkubwa wa matela katika mteremko wa Isongole ulikuja katika miaka ya 1980. Vita ya Msumbiji iliifungia Malawi reli zake za kwenda Beira na Nacala, na nchi hiyo isiyo na bahari ikageukia Dar es Salaam. Mizigo ilikuja kwa TAZARA, reli iliyokabidhiwa mwaka 1976, mpaka Mbeya, kisha ikapakiwa kwenye malori. Vituo vya mizigo vya Malawi vilijengwa Dar es Salaam na Mbeya kwa kazi hiyo. Barabara iliyokuwa ya viazi, ndizi na chai ikawa ya mbolea, mafuta na makontena ya nchi jirani. Lami iliondoa matope, na pamoja nayo ikaondoa mwendo mdogo wa lazima. Ajali za kuteleza zilipungua, za kasi zikachukua nafasi. Mkoa wa Mbeya umelipa gharama hiyo kwenye miteremko yake yote. Julai 2018, katika mteremko wa Iwambi upande wa Mbalizi, lori liliyagonga magari mengine na kuua watu wapatao 20.

Uzito wa mzigo una sehemu yake. Sheria za Jumuiya ya Afrika Mashariki huruhusu tani 56 kwa gari lenye ekseli saba, na mizani ya barabarani husimamia hilo. Viazi vya Isongole na Ndaga vina mizani nyingine, ya lumbesa: gunia lililoongezewa kilemba mpaka lipite kilo 100 zinazoruhusiwa. Lumbesa hulalamikiwa kwa kumpunja mkulima, na ni haki kulalamika. Haitajwi mara nyingi kwamba gunia hilohilo, likizidishwa kwa mia, huongeza tani ambazo dereva wa lori la Fuso hakuzihesabu alipochagua gia.

Upande wa pili wa milima ya maziwa makuu, Kivu nchini Kongo, wakulima wa viazi wana jibu lao lisilo na hewa wala mafuta. Chukudu, baiskeli ya mbao isiyo na pedali, hushusha magunia kutoka Kibumba hadi Goma, na breki yake ni kipande cha tairi kuukuu kinachokandamizwa kwa mguu kwenye gurudumu la nyuma. Kanuni ni ileile ya mkokoteni wa Makaburu, na huisha kwa kasi ileile.

Tela la kulala ndani, lenye kitanda na jiko, halikuwahi kuwa jambo la kawaida Rungwe, ingawa Afrika ilishuhudia msafara wake mashuhuri. Kati ya 1959 na 1960 Wally Byam, mtengenezaji wa matela ya Airstream, aliongoza matela 41 na watu zaidi ya mia moja kutoka Cape Town hadi Cairo, wakapiga kambi hata kwenye viwanja vya Mfalme Haile Selassie, Addis Ababa. Matela ya namna hiyo ya Marekani husimamishwa kwa breki za umeme: sumaku ndani ya dramu hupata nguvu dereva anapokanyaga. Yale ya Ulaya hutumia breki ya msukumo, ambapo tela likiligonga gari kwa nyuma, msukumo huo wenyewe huvuta waya wa breki. Kwenye mteremko mrefu tela husukuma muda wote, kwa hiyo breki hazipumziki hata dakika. Mfumo huo haufai Uporoto bila dereva kulitegemea gari lake na gia ndogo.

Katika kupasha joto, hata hivyo, matela hayo yalitatua jambo ambalo malori mengi ya Isongole bado hayajalitatua. Kipasha joto chake cha gesi, kama kile cha kampuni ya Truma ya Ujerumani, huchoma ndani ya chumba kilichofungwa, kikivuta hewa kutoka nje na kurudisha moshi nje. Hewa ya kulala haikutani na moto. Malori ya zamani hayakuwa na kitu hicho. Katika magari mengi ya Uingereza ya miaka ya 1930 hadi 1950 hita ilikuwa ya kulipiwa zaidi, na aliyeagiza gari kwa ajili ya Afrika hakuona sababu. Dereva alipata joto kutoka kwenye kifuniko cha injini kilichokuwa katikati ya kabini, na injini ikizimwa, joto lilikwisha.

Usiku wa Juni kwa hiyo ulitafutiwa dawa nyingine: jiko la mkaa. Jiko la bati lilienea Afrika Mashariki kwa kazi ya mafundi wa mijini, na tangu miaka ya 1980 likaboreshwa kwa udongo wa kufinyanga ndani, Kenya kwanza kisha Tanzania, likawa linatunza joto vizuri zaidi na kula mkaa kidogo. Uzuri huo jikoni hugeuka hatari kwenye kabini yenye vioo vilivyofungwa. Mkaa unaowaka bila moshi hutoa hewa ya monoksidi ya kaboni, isiyo na rangi wala harufu, inayoshikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mtu hahisi kukosa pumzi, husinzia. Nyanda za juu za kusini husikia kila mwaka habari za watu waliokutwa wamekufa chumbani karibu na jiko, na kabini ya lori ni ndogo kuliko chumba chochote.

Malori ya mtumba yanayoingia sasa kutoka Ulaya mara nyingi huwa na hita ya dizeli iliyofungwa kiwandani, inayofanya kazi injini ikiwa imezimwa. Hutumia dizeli kidogo kwa usiku mzima, na moshi wake hutolewa nje kwa bomba. Huhitaji betri nzima, plagi ya kuwashia iliyo safi, bomba la moshi lisilotoboka, na kuwashwa mara moja moja hata wakati wa joto ili lisizibe kwa masizi. Kwa kuwa haihusiki na mwendo wa gari, huwa ya kwanza kuachwa ikifa. Mwenye lori anayelipeleka njia ya Uporoto anapaswa kuigharamia hita hiyo kama anavyogharamia shuu na slaki, maana dereva aliyekesha kwa baridi, au aliyevuta hewa ya mkaa usiku kucha, ndiye atakayekuwa na mguu kwenye breki za tela alfajiri.